Mitambo ya upepo: kelele ni kweli, ugonjwa wa sauti isiyosikika si kweli

Barazani Mombasa, umeme wa upepo ukitajwa hakosi mtu wa kudai kwamba mitambo hiyo hutoa sauti isiyosikika inayoharibu ubongo na moyo. Sauti hiyo ipo, chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde. Lakini mawimbi yanayopiga miamba pale Mama Ngina huitoa pia, na hatujasikia mtu kulazwa. Mwaka 2023 watafiti wa Australia waliwaweka maabara watu 37 wepesi wa kukerwa na kelele, wakawapigia sauti hiyo saa 72. Usingizi wao haukuharibika.

Kinachokera ni kinachosikika. Mtambo wa mapanga matatu ukizunguka mara 17 kwa dakika, mapanga hupita mbele ya mnara mara 51: fyuu, fyuu, karibu kila sekunde. Usiku magari yakinyamaza, mdundo huo hujitokeza hata ukiwa mdogo, na aliyekwisha kuudhika hukawia kulala. Dawa yake ni umbali, na kupunguza mwendo wa mapanga usiku. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilizishauri nchi za Ulaya wastani wa kelele za mitambo hiyo kwa saa 24 usizidi desibeli 45, saa za usiku zikipewa uzito zaidi. Jenereta ndogo ya dukani, ukiwa mita 7, mara nyingi hupita 60.