Hakuna maiti ndani ya nguzo za daraja la reli

Ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya mtandaoni unadai kuwa madaraja ya reli ya zamani yenye matao marefu husimama imara kwa sababu vibarua walizikwa ndani ya nguzo. Si kweli. Maiti huoza na kuacha uwazi, na uwazi usiopangwa hudhoofisha nguzo. Isitoshe, nguzo za mawe au matofali zilijengwa safu kwa safu kwa mkono. Mtu hatumbukii humo bila kuonekana. Daraja la Bennerley, Uingereza, lililofungwa kwa treni mwaka 1968, lina nguzo za fremu za chuma ambazo unaona hadi upande wa pili!

Kuhakiki kunawezekana: wahandisi hutoboa nguzo na kuchukua sampuli, na michoro ya ujenzi mara nyingi imehifadhiwa.

Mkanganyiko una chanzo chake. Vibarua wengi walikufa kweli kwa ajali na magonjwa, wakazikwa makaburini. Pia baadhi ya nguzo ziliachwa na uwazi makusudi kupunguza uzito, na shimo tupu huzaa hadithi. Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.