Mashine za ozoni na ioni hasi za kusafisha hewa: maswali mnayouliza sana

Ozoni si ndo ile ya angani inayotukinga na jua? Sasa inakuwaje tunaambiwa ni mbaya?

Ni ile ile, tofauti ni mahali ilipo. Kule juu, kilomita 15 mpaka 35 hivi kutoka ardhini, inachuja mionzi mikali ya jua na hakuna anayeivuta. Huku chini tunakopumua ni uchafuzi wa hewa, ndo ile inayotokea moshi wa magari na viwanda ukipigwa na jua kali, na Shirika la Afya Duniani linasema isizidi maikrogramu 100 kwenye mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8. Yani watu wanahangaika kuipunguza mitaani halafu mtu ananunua mashine ya kuizalisha chumbani, madirisha yamefungwa na mtoto kalala humo humo. Hili linaniuma sana ndo maana naandika.

Inamdhuru vipi mtu?

Oksijeni tunayovuta ina atomu 2, ozoni ina 3, na ile ya tatu haijatulia, inaachia haraka na kushambulia chochote inachokutana nacho. Ikikutana na bakteria inambabua bakteria, ikikutana na ngozi laini ya ndani ya koo na mapafu inafanya hivyo hivyo, haichagui. Ndo unaona koo linawasha, kikohozi kikavu, kifua kinabana au kinauma ukivuta pumzi ndefu, na mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya. Watoto na wazee wapo kwenye hatari zaidi, na anayefanya mazoezi mle ndani pia, maana anavuta hewa nyingi kuliko aliyekaa.

Lakini si inaua vijidudu kweli? Mbona inatumika kusafisha maji?

Inaua, na kwenye maji ni kitu cha zamani sana, mji wa Nice kule Ufaransa unajulikana kwa kusafisha maji ya kunywa kwa ozoni tangu 1906. Ila pale inapigwa ndani ya matangi na hakuna mtu anayeivuta. Kwenye hewa ya chumba shida ni hesabu tu, ili iue vijidudu vya kutosha inabidi iwe nyingi kupita kiwango ambacho binadamu anaweza kuvumilia, na ukiishusha mpaka kiwango salama inakuwa haifanyi kazi ya maana. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limelisema hili waziwazi miaka mingi, na limeonya pia kwamba baadhi ya mashine zinapitisha kiwango hata ukifuata maelekezo ya kiwanda neno kwa neno.

Kuna mafundi wanaotumia ozoni kali kutoa harufu kwenye nyumba iliyoungua au gari lililojaa harufu ya sigara, hao wanatoa watu wote, wanyama na hata mimea, wanafunga, wanaondoka, halafu wanafungulia hewa muda mrefu kabla mtu hajarudi. Hiyo ni kazi nyingine kabisa na sio ya kuwasha kando ya kitanda usiku kucha.

Nikiwasha harufu mbaya inaisha na hewa inanukia kama baada ya radi. Si maana yake imesafika?

Hapana. Ile harufu ya baada ya radi NDIYO ozoni yenyewe, maana radi inaitengeneza. Ukiisikia chumbani jua unaivuta. Na pua inazoea, baada ya muda huisikii tena wakati bado ipo, kwa hiyo usitumie pua kama kipimo kwamba imeisha.

Kingine ambacho wengi hawakijui, sabuni za kusafishia na manukato ya chumbani yenye harufu ya limau au msonobari yana kemikali ambazo zikikutana na ozoni zinageuka kuwa vitu vingine, ikiwemo fomaldehaidi ambayo inajulikana kusababisha saratani, pamoja na chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Umepiga deki, umewasha mashine, unafurahia harufu safi kumbe hewa imekuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Na tafadhali sana, ozoni haiondoi kaboni monoksaidi, ile gesi ya jiko au jenereta, isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Usimwamini mtu akikwambia mashine itakulinda na hiyo.

Kwani kiwango salama ni kipi?

Marekani FDA, shirika lao la chakula na dawa, haitaki kifaa chochote cha tiba kijaze ozoni chumbani kupita sehemu 0.05 kwenye sehemu milioni za hewa, na sheria ya usalama kazini kule inataka wafanyakazi viwandani wasizidi 0.1 kwa wastani wa saa 8. California ikaamua kutunga sheria kabisa, tangu 2010 mashine ya kusafisha hewa ya nyumbani inayozidi 0.05 hairuhusiwi kuuzwa kule. Nyumbani huna kipimo, kwa hiyo mimi nasema bora mashine isitoe kabisa.

Na ioni hasi je? Hizo nazo ni ozoni?

Si kitu kimoja ila mara nyingi wanatembea pamoja. Ioni hasi ni molekuli ya hewa iliyobeba elektroni ya ziada. Zipo zenyewe tu duniani, pale maji yanapopasuka kwenye maporomoko zinakuwa nyingi, na mwanafizikia Philipp Lenard alishaelezea jambo hilo mwaka 1892. Mashine inazitengeneza kwa kupeleka umeme wa volti kubwa kwenye vincha vikali, ukichungulia kwenye matundu yake utaviona vimetokeza. Umeme huo huo unaweza kuzalisha ozoni pembeni hata kama kwenye boksi wameandika ioni tu.

Vumbi likipata chaji ya ioni linakimbilia kugandia kwenye ukuta, pazia, meza, skrini. Angalia ukuta nyuma ya mashine iliyowaka miezi kadhaa, kuna doa jeusi la masizi linalotanuka kuanzia pale inapopulizia. Hewani limepungua kweli, ila halijatoka chumbani, limehama tu, na mtoto akishika ukuta au mtu akikung'uta pazia linarudi juu.

Wanasema ioni hasi zinaondoa stresi, zinaleta usingizi na kuchangamsha mudi.

Hapa nisiwe mkali kupita kiasi maana kuna kaukweli kadogo. Mwaka 2013 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 33, na haukukuta athari ya kueleweka kwenye wasiwasi, mudi, kutulia wala usingizi. Sehemu moja tu ndo kulionekana kitu, alama za sonona zilishuka kwa watu waliopigwa ioni nyingi sana, hasa wale wanaopata sonona ya msimu wa baridi. Hizo zilikuwa mashine za nguvu kubwa kwenye utafiti, usichukue matokeo yake ukayapa kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi.

Kujisikia vizuri ukienda kwenye maporomoko mbona kunaeleweka bila ioni, umetembea, kuna ubaridi, kuna miti, simu umeiweka mfukoni.

Mtoto wangu ana pumu, zitamsaidia?

Tafiti zilizopitiwa hazijaonyesha kwamba ioni zinaboresha pumu, na ozoni inayosindikiza inaweza kumletea shambulio. Dawa zake za kuvuta asiache kwa sababu umenunua mashine, hata siku moja.

Bangili na vidani vya ioni hasi?

Usivae. Baadhi vinatoa ioni kwa sababu vimewekewa madini yenye mionzi ya nyuklia. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ilitaja bidhaa 10 za namna hiyo, mojawapo barakoa ya kulalia na nyingine bangili ya mtoto, ikawaambia watu waache kuvaa mara moja. Ni kitu kinakaa kwenye ngozi mchana na usiku, madhara yake unajitafutia mwenyewe.

Taa za chumvi?

Ni taa nzuri ya mapambo. Hakuna ushahidi kwamba inasafisha hewa.

Sasa ninunue nini?

Kwanza toa chanzo cha uchafu, moshi, sigara, ukungu ukutani, halafu fungua madirisha kama hewa ya nje ni nzuri. Ukihitaji mashine chukua yenye filta ya HEPA, inanasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na kama shida ni harufu iwe na filta ya kaboni pia. Hakikisha inatosha ukubwa wa chumba chako na filta unabadilisha kwa wakati. Ikiwa na swichi ya ioni izime, feni na filta vinatosha. Ukiona kwenye boksi wameandika O3, oksijeni hai, oksijeni iliyoamshwa, au maelekezo yanakwambia utoke chumbani ikiwa inawaka, hiyo ni ya ozoni, iache dukani.

Mimi nimeshaitumia muda mrefu na nakohoa, nifanye nini?

Izime leo, fungua madirisha na milango, ozoni haikai sana hewani ikishaachwa kuzalishwa, inaisha yenyewe. Kikohozi kikiendelea, au kifua kinabana, unapumua kwa shida, nenda hospitali na umwambie daktari kabisa kwamba ulikuwa unalala na mashine ya ozoni na kwa muda gani, maana asipoambiwa hawezi kubahatisha.