Elimu kwa Umma: Mshirika Mkubwa Anapopiga Peke Yake, Serikali za Ulaya Hujibu kwa Vibali

Kila Marekani inapoishambulia nchi bila azimio la Baraza la Usalama, kitengo chetu cha sheria za kimataifa hupokea barua za aina moja, na safari hii zimezidi. Nyingi zimekuja kama maswali lakini ndani yake ni lawama tupu: Ulaya ni wanafiki, asubuhi wanalaani na jioni wanafungua mlango, Ulaya ni waoga, Ulaya na Marekani ni walewale. Tumeona ni vyema kueleza mambo haya yanavyokwenda maofisini, kwa sababu wengi wa wanaotuandikia husoma tamko la msemaji wakaishia hapo. Makala haya hayaamui shambulio lipi lilikuwa halali na lipi halikuwa. Yanaeleza utaratibu. Mifano tumeichukua ya zamani kidogo kwa makusudi, maana kura zake zimeshahesabiwa na hukumu zake zimeshatolewa.

Tamko la waziri wa mambo ya nje ni kazi ya saa moja. Maneno "tuna wasiwasi mkubwa" na "pande zote zijizuie" huwa yapo kwenye rasimu kabla habari yenyewe haijathibitishwa. Chenye uzito ni kibali: nani ameruhusiwa kupita angani, kutumia kambi, kutia nanga bandarini, kujaza mafuta, kulaza majeruhi. Huko ndiko serikali inakosema inachokimaanisha, na aghalabu husema kwa sauti ya chini.

Tuanze na anga. Ibara ya 3 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, unaosimamia usafiri wa anga wa kimataifa, inasema ndege ya serikali, yaani ya kijeshi, ya forodha au ya polisi, haitapita juu ya nchi nyingine wala kutua humo bila idhini maalumu. Urafiki haubadilishi neno hata moja katika ibara hiyo. Kwa kawaida ubalozi wa nchi inayoomba hupeleka noti ya kidiplomasia wizara ya mambo ya nje. Noti hutaja aina ya ndege, idadi yake, jina lake la mwito, mahali itakapoingilia na kutokea, tarehe, kiwanja inakokwenda, madhumuni ya safari, na kama imebeba silaha au mizigo ya hatari. Wizara ya ulinzi hutoa maoni yake, kisha jibu hurudi likiwa na namba ya kibali, na namba hiyo huandikwa kwenye mpango wa safari. Washirika wa siku nyingi hupeana vibali vya jumla kwa safari za kila siku, ili makarani wasife kwa makaratasi. Lakini kibali cha jumla kina masharti, na madhumuni yakibadilika kutoka mazoezi kuwa vita, masharti hayo hutolewa kabatini yakasomwa upya.

Wapo wanaotuuliza kwa kejeli: dola kubwa kama ile iombe ruhusa kwa nani? Inaomba, na imekuwa ikiomba miaka yote. Oktoba 2002 Austria ilipewa ombi la ndege ya kubeba mafuta ya Marekani kupita angani mwake. Marubani wa Austria waliporuka kuitazama, walikuta ndege mbili za kivita aina ya F-117 zinaruka kando yake, nazo hazikutajwa kwenye ombi. Wakapiga picha. Dola ile ingekuwa haijali kibali cha nchi ndogo, isingekuwa na sababu ya kuficha.

Mfano ambao sisi huwapa wanafunzi kwanza ni wa Libya, usiku wa kuamkia 15 Aprili 1986. Marekani iliishambulia Tripoli na Benghazi siku kumi baada ya bomu la ukumbi wa dansi wa La Belle huko Berlin Magharibi. Baadhi ya ndege zilikuwa Uingereza, na waziri mkuu wa nchi hiyo, Margaret Thatcher, aliruhusu ziondokee huko. Ufaransa na Uhispania zilikataa zisipite juu yao. Fungua ramani uone maana ya kukataa huko: ndege za F-111 zilishuka baharini kwenye Atlantiki, zikaizunguka Uhispania na Ureno, zikaingia Mediterania kwa mlango wa Gibraltar, zikapiga, zikarudi njia ileile. Safari ikawa ya takriban kilomita 10,000 kwenda na kurudi, zikijazwa mafuta hukohuko angani. Baadhi ya mabomu yalikosa shabaha na kuuharibu ubalozi wa Ufaransa mjini Tripoli. Kukataa, basi, hakukulizuia shambulio. Kuliligharimu mafuta, saa na uchovu wa marubani. Anayetaka kujua kibali kina nguvu gani, hicho ndicho kipimo chake, na tunaomba asikizidishe wala asikipunguze.

Iraki, 2003, ndiko vurugu ya mawazo ilikojaa. Wengi wanakumbuka kwamba Ujerumani na Ufaransa zilipinga vita. Kweli zilipinga. Kansela wa Ujerumani, Gerhard Schröder, alishinda uchaguzi wa Septemba 2002 akiwa ameahidi kwamba askari wa Ujerumani hawatakwenda. Rais wa Ufaransa, Jacques Chirac, alitangaza kwenye televisheni, 10 Machi 2003, kwamba nchi yake ingepiga kura ya hapana katika Baraza la Usalama. Lakini Schröder huyohuyo alikuwa ameshawahakikishia Wamarekani, Novemba 2002, kwamba anga na kambi zao nchini mwake zitabaki wazi kwao. Vita vilipoanza, maelfu ya askari wa Ujerumani walisimama lindo kwenye malango ya kambi za Marekani, na majeruhi wakaletwa kutibiwa Landstuhl, hospitali ya kijeshi ya Marekani iliyoko Ujerumani. Ufaransa nayo haikufunga anga yake. Upande wa pili, Austria, isiyo mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa Marekani, Kanada na nchi nyingi za Ulaya, na yenye sheria ya kutofungamana tangu 1955, ilikataa ndege za vita hivyo kwa kuwa hapakuwa na idhini ya Umoja wa Mataifa. Uswisi ilifanya vivyo hivyo kuanzia 20 Machi, ikaacha wazi njia ya safari za misaada na majeruhi. Ayalandi, nayo isiyofungamana, iliendelea kuuacha uwanja wake wa ndege wa Shannon utumiwe na Wamarekani. Raia mmoja alikwenda Mahakama Kuu, na jaji akaona kwamba jambo hilo halilingani na desturi za kimataifa za kutofungamana, lakini akakataa kuizuia serikali.

Kwa hiyo ukitaka kuzipanga nchi za Ulaya kwa matamko yao utapata mstari mmoja, ukizipanga kwa vibali utapata mwingine kabisa. Huu si unafiki wa moja kwa moja, ingawa hatutabishana na atakayeuita hivyo. Berlin ilidai kwamba inabanwa na mikataba ya majeshi ya kigeni yaliyoko nchini mwake, na kwamba kuivunja kungeivunja NATO yenyewe. Dai hilo lilikuja kupimwa mahakamani, tutalifikia.

Uturuki ni habari ya peke yake. Marekani iliomba kupitisha askari wapatao 62,000 wafungue uwanja wa vita wa kaskazini. Serikali ilikubali, ikapeleka hoja bungeni 1 Machi 2003. Kura 264 za ndiyo, 250 za hapana, 19 hazikuegemea upande. Ndiyo walikuwa wengi, na habari za kwanza zilisema hoja imepita! Haikupita, kwa sababu katiba ilitaka zaidi ya nusu ya wabunge waliohudhuria, yaani 267. Kura tatu zikairudisha meli baharini, na kikosi kizima kilichokuwa kinasubiri pwani ya Uturuki kikazungushwa hadi Kuwait.

Kuhusu NATO

Hapa tunaomba uvumilivu, kwa kuwa tumeyaeleza haya mara nyingi. NATO haiwajibiki kumfuata mwanachama aliyeanzisha vita nje ya eneo lake. Ibara ya 5 ya mkataba wake inahusu mwanachama aliyeshambuliwa, na Ibara ya 6 inataja maeneo yanayohusika, Ulaya na Amerika Kaskazini. Hata hapo, kila nchi huchukua hatua "inayoona ni ya lazima", na nchi inaweza kuona kwamba dawa na mablanketi yanatosha. Ibara hiyo imetumika mara moja tu, baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Mkataba hauna kifungu cha kumfukuza mwanachama. Kuna cha kujitoa, Ibara ya 13, kwa notisi ya mwaka mmoja. Barua za "kwa nini wasimfukuze" hatutazijibu tena mojamoja.

Maamuzi ya NATO hayapigiwi kura. Rasimu husambazwa na kupewa saa ya mwisho. Asiyeandika pingamizi hadi saa hiyo amekubali. Huu ndio utaratibu wa kimya. Tarehe 10 Februari 2003 Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani zilivunja kimya hicho. Hoja ilikuwa kupanga ulinzi wa Uturuki kabla ya vita. Nchi hizo tatu ziliona kwamba kukubali ni kama kukiri kwamba vita vimeshaamuliwa. Uturuki ikaita mashauriano ya Ibara ya 4, ambayo mwanachama anayehisi kutishiwa anaweza kuyaomba. Siku sita baadaye suala likahamishiwa Kamati ya Mipango ya Ulinzi, ambako Ufaransa haikuwa na kiti tangu ijitoe kwenye kamandi ya pamoja mwaka 1966, likapita. Ndege za rada za AWACS zikaenda Uturuki, ndani yake wakiwemo Wajerumani. Miaka mitano baadaye, 7 Mei 2008, Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ikasema kazi ile ilihitaji idhini ya Bunge na haikuombwa. Anayedhani haya ni makaratasi tu asome hukumu hiyo.

Umoja wa Ulaya tutaupitia haraka. Msimamo wake wa mambo ya nje huhitaji kauli moja ya wanachama wote, ndiyo maana matamko yake huwa membamba. Januari 2003 viongozi wa nchi nane, zikiwemo Uingereza, Uhispania, Italia na Poland, walitia saini barua magazetini ya kuiunga mkono Washington bila kuwaarifu wenzao wa Paris na Berlin. Kusema "Ulaya imesema" baada ya hapo ni kutafuta mtu asiyekuwepo.

Na ukaribu hauhakikishi kura. Marekani ilipoivamia Grenada Oktoba 1983, Malkia wa Uingereza alikuwa ndiye mkuu wa dola ya kisiwa hicho, na Thatcher alikasirika kwelikweli. Katika Baraza la Usalama, Ufaransa na Uholanzi ziliunga mkono azimio la kusikitikia uvamizi huo. Uingereza haikupiga upande wowote, pamoja na Togo na Zaire. Marekani ikalizima kwa kura ya turufu. Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam watakumbuka pia Agosti 1998: wiki mbili baada ya mabomu ya balozi, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na Khartoum, na waziri mkuu wa Uingereza, Tony Blair, akaunga mkono bila kusita.

Adhabu

Nchi inayomkatalia mshirika kibali haivunji sheria yoyote, maana kibali ni hiari. Adhabu huja kwa mlango wa pesa. Uturuki ilikosa msaada wa mabilioni ya dola uliokuwa umeandaliwa kwa ajili ya ushirikiano wake. Desemba 2003 wizara ya ulinzi ya Marekani ilitangaza kandarasi za kuijenga Iraki zenye thamani ya dola bilioni 18.6, na orodha ya nchi ambazo kampuni zake zingeruhusiwa kuomba. Ufaransa na Ujerumani hazikuwemo.

Anayetoa kibali ndiye mwenye kazi kubwa ya kisheria. Azimio 3314 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la 1974, lilitaja miongoni mwa matendo ya uchokozi kitendo cha nchi kuiachia nchi nyingine ardhi yake itumike kuishambulia nchi ya tatu. Kifungu cha 80 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kiliweka kifungo cha maisha, au kisichopungua miaka kumi, kwa anayeandaa vita vya uchokozi ambavyo Ujerumani ingeshiriki. Malalamiko yalipelekwa kwa mwendesha mashtaka mkuu dhidi ya serikali ya Schröder mwaka 2003. Akakataa kufungua uchunguzi. Kifungu hicho kimefutwa tangu 2017, na kosa limehamishiwa kwenye sheria ya makosa ya kimataifa. Lakini Juni 2005 Mahakama ya Juu ya Utawala ya Leipzig ilimwachia meja aliyekataa amri iliyohusiana na vita vya Iraki. Ikasema kuna mashaka mazito ya kisheria juu ya vita vyenyewe na juu ya msaada wa Ujerumani, na kwamba mkataba wa NATO haumlazimishi mwanachama kuunga mkono kinachokwenda kinyume na Katiba ya Umoja wa Mataifa. Hilo ndilo jibu la dai la Berlin, na lilitoka miaka miwili baada ya ndege kupita.

Maneno ya Azimio 3314 yaliingizwa mjini Kampala, 11 Juni 2010, kwenye Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na mahakama hiyo ikaanza kuwa na mamlaka juu ya kosa la uchokozi 17 Julai 2018. Ujerumani, Ubelgiji, Uhispania na Poland zimeridhia marekebisho hayo. Ufaransa na Uingereza hazijaridhia. Marekani si mwanachama wa mahakama hiyo kabisa, na kwa kosa hili raia wa nchi isiyo mwanachama hashtakiwi humo, isipokuwa Baraza la Usalama lipeleke kesi, na huko Marekani yenyewe ina kura ya turufu. Maana yake ni kwamba kiongozi aliyeamuru ndege ziruke hafikiki, lakini aliyemwachia kiwanja, ikiwa nchi yake imeridhia, anaweza kufikika.