Upande wa pili katika BMX ya flatilandi: dhana potofu na ukweli

Flatilandi ni mchezo wa kufanya mitindo, yaani mbinu za mizani na mizunguko, juu ya baiskeli ndogo ya BMX. Haina rampu wala ngazi za kurukia. Ina sakafu tambarare, baiskeli yenye magurudumu ya inchi 20, na vigingi vya kukanyagia kwenye ncha za ekseli zote mbili. Karibu kila mchezaji ana upande wake: mguu fulani ndio unaotangulia kupanda kigingi, na mwili huzunguka kuelekea kulekule siku zote. Ukimwambia ajaribu upande wa pili, sababu za kukataa huwa nyingi, na nyingi kati yake hazina msingi.

"Upande wa pili ni kuanza sifuri."

Hii ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Mwaka 1894, katika Chuo Kikuu cha Yale, Edward Wheeler Scripture na wenzake walionyesha kwamba mkono mmoja ukifanyishwa mazoezi, mwingine uliokaa bure nao hupata sehemu ya nguvu na ustadi. Majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha jambo hilohilo. Ustadi mwingi umo kwenye ubongo. Ukiuweza mtindo upande mmoja, tayari unajua gurudumu la nyuma lipande lini, macho yaangalie wapi na mwendo gani unatosha.

Chukua hengifaivu: mguu mmoja umekanyaga kigingi cha mbele, gurudumu la nyuma liko hewani, mguu wa pili unaning'inia na kusawazisha. Ukihamia upande wa pili, mdundo wa mtindo huo bado unao. Yanayokosekana ni mawili: unyayo kujua ukandamize kigingi kiasi gani, na njia ya kutoka. Hilo la pili halisemwi vya kutosha. Upande uliouzoea, mizani ikipotea mwili hushuka wenyewe. Mguu unatua, mikono inaizuia baiskeli isianguke. Upande wa pili mguu haujui utue wapi, kwa hiyo mwili hukakamaa kabla ya kuanza, na mtu akadhani mizani yake ni mibovu.

Basi jifunze kushuka kwanza. Panda kigingi baiskeli ikienda taratibu, kisha ushuke kwa makusudi. Inua gurudumu kidogo, ushuke kwa makusudi. Zidisha kidogo, ushuke tena. Vaa kinga ya ugoko kwenye mguu ambao hukuwa ukiukinga, maana pedali itakuja kutoka pembe usiyoitazamia. Woga ukishapungua, mtindo wenyewe mara nyingi huja upesi kuliko ulivyokujia mara ya kwanza.

"Anayeandika kwa mkono wa kulia, upande wake ni wa kulia."

Mkono wa kalamu hauamui. Wapo mashoto wanaotanguliza mguu wa kulia, na wapo wa mkono wa kulia wanaozunguka kushoto bila hata kufikiri. Mtu mmoja anaweza kuwa na mguu unaopenda huku na mzunguko unaopenda kule. Ndiyo maana kuna kugeuza mtindo mzima, na kuna kubadili sehemu tu: miguu inabadilishana nafasi huku baiskeli ikizunguka kulekule. Kwa maoni yangu, huko kubadili sehemu tu kunastahili heshima zaidi ya inayopewa, kwa sababu mwili hauna kielelezo kamili cha kunakili.

"Baiskeli ni ileile pande zote."

Si ileile, na watu hujilaumu bure. Katika baiskeli nyingi cheni iko kulia, ingawa zipo BMX za cheni kushoto. Mguu ulio kwenye kigingi cha nyuma upande wa cheni una jirani ambaye mguu wa upande mwingine hana. Anayetumia breki ya mbele ana mkono mmoja wa kuibana. Mtindo ukigeuzwa, mkono huohuo unaweza kutakiwa uachie usukani, na breki haipo tena. Hapo itabidi ujifunze kuupunguza mwendo kwa soli ya kiatu juu ya tairi, au kwa kuhamisha uzito wa mwili. Angalia na viatu vyenyewe: kimoja soli yake imelainika kwa kusugua tairi, kingine bado kigumu.

"Maliza siku nzima upande mmoja, kesho mwingine."

Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwafundisha watu miondoko kadhaa ya mkono, wengine wakirudia mmoja hadi uishe ndipo waanze mwingine, wengine kwa kuichanganya. Waliochanganya walifanya vibaya zaidi wakati wa mazoezi, lakini baadaye ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Kwa hiyo kupokezana pande ndani ya zoezi moja kunaonekana kama kurudi nyuma, kumbe kunajenga. Ila mtindo ambao bado hauupati hata upande wako, uache kwanza utulie.

"Utauharibu upande wako mzuri." Kuchanganyikiwa kidogo baada ya zoezi refu la upande wa pili ni jambo la kawaida, na hupita.

"Kwenye mashindano hakuna anayejali."

Flatilandi iliingia katika mashindano ya dunia ya baiskeli za mjini ya UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, mwaka 2019 huko Chengdu, China, na popote mchezo huu unapopewa alama, ugumu na utofauti wa mitindo huhesabiwa. Lakini faida kubwa imo katika kuunganisha mitindo. Mwenye upande mmoja, mzunguko ukimfikisha kwenye kigingi asichokizoea, inambidi arudi alikotoka au aguse chini. Mwenye pande mbili anahamisha mguu, anaugeuza mzunguko na kuendelea.