Mafua yasivuke Kibirizi: namna ya kwenda Gombe bila kuwadhuru sokwe wala kuwapita wenyeji

Wageni wengi wanaopanga safari ya Gombe, hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, huuliza kwanza nauli ya boti, kisha kama sokwe wataonekana kweli. Mimi nawaulizia afya ya kifua chao. Ukiwa na mafua, kikohozi, homa au tumbo la kuharisha, usivuke Kibirizi, ufukwe wa Kigoma ambako boti za Gombe huondokea. Kipimo ninachowapa wageni ni siku 7 kamili bila dalili yoyote kabla ya kupanda boti, na ratiba iachwe na nafasi ya kusogezwa mbele.

Sababu ni ya kibaiolojia. Sokwe ni ndugu zetu wa karibu mno kimaumbile, kwa hiyo virusi vinavyotushika sisi huwashika na wao, ila wao hawana kinga tuliyoijenga kwa kuugua mafua tangu utotoni. Kwetu ni siku tatu za kupenga kamasi, kwao ni nimonia. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe, ikaua sokwe na kuacha wengine na viungo vilivyopooza. Milipuko ya magonjwa ya njia ya hewa imekuja baadaye, Gombe na hata Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kusini zaidi kwenye ziwa hilohilo. Tena sokwe hukaa wakichambuana manyoya kwa saa nzima, hivyo mmoja akishikwa, ugonjwa hupita mkono kwa mkono. Jike huzaa mara moja kila miaka 5 hivi, na pengo la vifo vichache huchukua miaka mingi kuzibika.

Halafu Gombe yenyewe ni ndogo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1968, na sehemu yake ya nchi kavu ni kama kilomita za mraba 35 tu: ukanda wa mabonde na miteremko mikali kaskazini mwa mji wa Kigoma, kati ya ziwa na vijiji. Sokwe waliomo ni karibu 100. Haina uwanda wa pembeni ambako kundi lingine litakimbilia.

Barakoa, basi. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ukiivaa tangu getini ukapanda nayo mlima, ukifika kwa sokwe imelowa jasho, na barakoa iliyolowa haichuji vizuri. Chukua nne kwa kila siku ya msituni. Panda bila barakoa, au na ile ya kuchakaza, na mwongozaji akisema wapo karibu, simama, safisha mikono, vaa mpya ikae juu ya pua na chini ya kidevu. Zenye kijitundu cha plastiki mbele waachie mafundi seremala: kile kijitundu hutoa nje pumzi yako yote bila kuichuja, kwa hiyo kinakulinda wewe na hakimlindi sokwe. Zilizotumika ziingie kwenye mfuko unaofungika, zirudi mjini. Tishu iliyoanguka njiani mtoto wa sokwe ataiokota na kuitia mdomoni, maana kila kitu kipya kwake ni cha kuonja.

Umbali ni mita 10 au zaidi, muda ni saa moja, na kundi lisizidi wageni 6. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe. Usile, usinywe, usiteme mate mbele yao, zima mwanga wa kamera. Haja ikikubana mwambie mwongozaji mapema. Mita 10 ni sheria inayovunjwa na sokwe wenyewe, kwa sababu njia za Gombe ni nyembamba na wao huzitumia kama sisi. Akija upande wako, sogea pembeni polepole, mwachie njia, usimtazame machoni kwa kukaza. Dume likija kwa kishindo huku likivuta matawi, usikimbie na usipige kelele. Shika shina la mti ulilo karibu nalo, ulishike kwa nguvu, limalize maonyesho yake lipite. Wanaoumia mara nyingi ni waliokimbia wakateleza kwenye mteremko.

Mwongozaji asishinikizwe. Mgeni anayeahidi bakshishi nono ili asogezwe mpaka mita 4 anamweka kijana wa watu kati ya kazi yake na ada ya mtoto wake. Bakshishi itolewe mwishoni, na itolewe sawasawa hata kama siku hiyo sokwe walikuwa bondeni na hamkuwaona vizuri. Wasisahaulike wale wafuatiliaji wanaotangulia alfajiri kwenda kwenye miti ambako kundi limelala. Sokwe hujenga viota vipya kila jioni, kwa hiyo anayejua walipolala jana ndiye anayejua pa kuanzia leo.

Msimu. Kiangazi, kuanzia Julai mpaka Oktoba, njia ni kavu na picha hutoka nzuri, lakini sokwe hutawanyika mbali zaidi kutafuta matunda. Masika wao hukaa karibu zaidi, wewe ndiye utakayeteleza. Mvua za mwanzo, Novemba, huwa na jambo la pekee: mchwa huanza kutoboa vichuguu na sokwe huja kuwavua. Huchagua bua la nyasi, huchambua majani kwa midomo, hulipima urefu, hulichovya tunduni taratibu na kulitoa likiwa limeng'atiwa na mchwa pembeni zote, kisha hulipitisha midomoni. Bua likipinda ncha, hulikata au huligeuza upande wa pili. Ni kitendo hiki, alichokiona mtafiti wa sokwe Jane Goodall hapohapo Gombe mwaka 1960, kilichowalazimu wanasayansi wafikirie upya maana ya binadamu kuwa mtengeneza zana. Ukibahatika, kaa chini, nyamaza, tumia saa yako yote hapo. Usikimbilie kundi jingine.

Usafiri sasa. Barabara haipo, ni ziwa tu. Boti za abiria huondoka ufukwe wa Kibirizi, nje kidogo ya mji, kuelekea vijiji vya kaskazini, kwa kawaida mchana, na Jumapili usizitegemee. Mwambie nahodha kuwa unashuka Kasekela, kituo cha wageni ndani ya hifadhi. Kwenda huchukua saa mbili hadi tatu kwa kuwa kila kijiji hushusha magunia yake. Kurudi hupita asubuhi mapema, kwa hiyo anayetumia boti ya abiria hulala Gombe usiku mmoja bila kupenda, nami nashauri miwili. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusini-mashariki hulichafua ziwa. Dai jaketi okozi, na kama boti imejaa hadi maji yako kiganja kimoja chini ya ukingo, subiri nyingine. Boti ya kukodi ni ya haraka zaidi, lakini ya abiria ndiyo inayoacha nauli yako kwa watu wa pwani ile.

Kiingilio hakipokelewi kwa fedha taslimu. Omba namba ya kumbukumbu ya malipo ukiwa bado mjini, lipa, na hifadhi risiti kwenye simu na kwenye karatasi, maana mtandao kando ya ziwa hukatika. Na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Chakula kiwekwe kwenye vyombo vyenye mfuniko, na mlango wa chumba ufungwe kwa komeo: nyani wa Gombe wanajua kitasa, na nyani aliyezoea mkate wa wageni huishia kuwa hatari kwa watu.

Nashikilia kwamba ziara ya Gombe isiyogusa kijiji haijakamilika. Sokwe hawajui mpaka wa hifadhi. Misitu ya Mwamgongo kaskazini, Mtanga kusini, na Bubango na Chankele upande wa mashariki ndiyo inayoamua kama watabaki wamezingirwa kama walio kisiwani au watapata njia ya kwenda kwingine. Mpango wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulijikita hapo kwenye vijiji: vitalu vya miche, mikopo midogo ya akina mama, afya, matumizi bora ya ardhi. Na sheria za ardhi ya vijiji na misitu, za 1999 na 2002, zinakipa kijiji uwezo wa kutenga msitu wake chenyewe. Mkulima aliyekubali kuacha mteremko usilimwe amepoteza kitu halisi. Shilingi ya mgeni ikimfikia, ana sababu ya kuuacha mwaka mwingine.

Namna ya kuingia ni rahisi. Anzia ofisi ya kijiji, msalimie mtendaji au mwenyekiti, eleza nia yako, lipa ada kama ipo na pokea stakabadhi. Mwombe akupe kijana wa kukutembeza. Vaa nguo inayofunika mabega na magoti. Pwani hii ya ziwa ina Waislamu wengi, na kanga moja begani hutatua mengi. Omba kabla ya kupiga picha, hasa wavuvi na wanawake wanaoanika dagaa. Pipi na sarafu kwa watoto hapana: zinawatoa darasani na kuwafunza kuomba. Ukiwa na daftari au kalamu, mpelekee mwalimu mkuu azigawe kwa utaratibu wake.

Ujiji, mji wa kale jirani na Kigoma, pia wengi huufanyia haraka, dakika ishirini kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, kisha wanageuza. Mwombe mwongozaji akueleze njia ya zamani ya misafara, ile iliyopita Tabora hadi Bagamoyo, na watu waliotembezwa juu yake wakiwa na pingu na pembe za ndovu mabegani. Kisha tembea kwa mafundi wa mitumbwi na ununue kitu sokoni.

Cha kununua ni dagaa na mawese. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika, na dagaa wapya huadimika. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa hiyo uliza kabla, na usimbembeleze mtu akuuzie wa kuvua kwa siri. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja vya wavu, wanaong'aa fedha, wazima kichwa na mkia, wanaovunjika kwa mlio. Waliokaukia mchangani utawajua ukiwatumbukiza wachache kwenye bakuli la maji: mchanga hubaki chini. Wafunge kwenye karatasi ndani ya kikapu, wasifungwe wakiwa na joto la jua, la sivyo hutoa unyevu na kuvunda njiani.

Mawese yatiwe kwenye chupa ngumu, usijaze hadi juu, acha nafasi ya vidole viwili, funika mdomo kwa nailoni chini ya kifuniko na uisimamishe wima. Yakiganda kwa baridi ya usiku ukiwa kwenye treni ya kurudi, hayajaharibika: iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, yatarudi na rangi yake.