Mfanyakazi wa kwanza mjini Lamu: yanayosemwa barazani na yaliyo kweli

Msimu wa wageni ukikaribia, swali moja huzunguka sana katika mitaa ya Langoni na Mkomani. Mwenye mkahawa mdogo, fundi wa milango au mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu ameelemewa na kazi, anataka kuongeza mtu, na hajawahi kuajiri. Anauliza atamlipa ngapi. Barazani anajibiwa, "Mpe elfu ishirini, atafurahi," na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi kazi yangu ni kuandika hesabu za biashara ndogo hapa mjini, na majibu ya namna hii yananiuma, kwa sababu anayeumia kwanza ni kijana anayeajiriwa. Mwajiri hufuata baadaye, deni likiwa limeshakua.

"Tumekubaliana elfu ishirini, basi gharama yangu ni elfu ishirini"

Hapa kuna makosa mawili, moja limebebwa na jingine.

La kwanza ni kusahau kile ambacho sheria inamtaka mwajiri atoe mfukoni mwake juu ya mshahara. Tuchukue mshahara wa jumla wa shilingi 20,000, posho ya nyumba ikiwa ndani yake. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 nyingine kwa mwajiri, yaani 1,200 kila upande. Tozo ya nyumba za bei nafuu, kwa sheria ya Machi 2024, ni asilimia 1.5 kila upande, yaani 300 na 300. NITA, mchango wa mafunzo ya kazi, ni shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na hiyo haikatwi kwenye mshahara hata senti. Jumlisha ya mwajiri: 1,550. Mtu wa 20,000 anakugharimu 21,550.

Upande wa mfanyakazi zinatoka 1,200 za NSSF, 300 za nyumba, na asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ambayo hapa ni 550. Mwajiri haongezi chochote kwenye SHA. Kazi yake ni kukata na kupeleka. Kijana anapokea 17,950.

Kosa la pili ndilo linalovunja urafiki. Mwajiri alisema "elfu ishirini" akiwa na maana ya mshahara wa jumla. Kijana alisikia elfu ishirini mkononi. Mwisho wa mwezi anapewa 17,950 na anaamini ameibiwa. Kama kweli mlikubaliana 20,000 mkononi, hesabu inabadilika: mshahara wa jumla unakuwa kama 22,284, na ukiongeza sehemu ya mwajiri unafika shilingi 24,005 hivi kwa mwezi. Tofauti kati ya 20,000 uliyoiwazia na 24,000 unayolipa, kwa mkahawa wa meza nne, ni tofauti ya kuendelea au kufunga. Kwa hiyo neno la kutaja siku ya kwanza ni "mshahara wa jumla", na lifuatwe na karatasi inayoonyesha kila kinachokatwa. Karatasi hiyo, hati ya mshahara, ni haki ya mfanyakazi kisheria.

Kuna na gharama isiyoonekana kwenye mwezi wowote mmoja. Mfanyakazi anastahili likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili. Ukiwa na mtu mmoja tu, akienda likizo lazima umweke mwingine. Ukimlipa wa kushikilia 700 kwa siku, hiyo ni 14,700 kwa mwaka, au 1,225 ukiigawa kwa miezi kumi na miwili. Itenge kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza.

"Nikimwandikisha, KRA watanimaliza kwa kodi"

KRA ndiyo mamlaka ya kodi, na kwa mshahara wa kiwango hiki, sivyo. Shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi hutozwa asilimia 10, na kila mkazi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi, kwa hiyo kodi inakuwa sifuri. Kinachoumiza waajiri wadogo ni ritani, yaani taarifa ya kodi ya kila mwezi. Ukishasajiliwa kuwa mwajiri, ritani ya PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inatakiwa kufika ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hata kama kodi yenyewe ni sifuri, na faini ya kuchelewa haipungui shilingi 10,000. Nimeona biashara ikilipa faini ya mwezi mmoja iliyozidi makato yake yote ya mwezi huo. Kama huwezi mwenyewe, mlipe kijana wa saiba mwaminifu akujazie, lakini umkumbushe tarehe mwenyewe.

"Huyu ni kibarua tu, namlipa kila jioni, hana madai"

Hii ndiyo dhana inayonikosesha usingizi, maana nusu ya mji unaishi juu yake: wapishi wa mahamri, wasaidizi wa maduka, vijana wa mashua, wanaosukuma mikokoteni. Kulipa kila jioni hakumfanyi mtu kuwa kibarua milele. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja au zaidi, au anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kama wa mkataba wa mwezi. Kuchoma mikate ya duka lako kila alfajiri si kazi inayokwisha.

Akishavuka hapo, haki zinamfuata. Siku moja ya mapumziko katika kila saba. Likizo. Akiugua baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu katika mwaka. Notisi ya siku 28 kabla ya kumwachisha, au malipo yake. Na kama hukumwingiza NSSF, anaweza kudai malipo ya utumishi, ambayo mahakama zimekuwa zikiyakadiria kwa siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliofanya kazi.

Fikiria dada aliyekaanga mahamri miaka minne kwa 700 kila jioni, kisha siku moja akaambiwa asije tena. Anakwenda ofisi ya kazi, na akitaka anaendelea hadi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Malindi. Ana miaka mitatu ya kufungua dai lake. Pale ataorodhesha notisi, likizo ambazo hakupewa, posho ya nyumba, malipo ya utumishi, na fidia ya kuachishwa bila kusikilizwa, ambayo inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Mzigo wa kuonyesha rekodi uko kwa mwajiri, na mwajiri wa kila jioni hana karatasi hata moja. Zile shilingi za kila mwezi alizodhani ameziokoa zinarudi kwa pamoja, na wenzake.

Simtishi mtu. Nasema hivi kwa sababu yule dada naye ana watoto, na kwa miaka minne hajawekewa hata shilingi ya uzeeni.

"Ni mtoto wa ndugu yangu, mambo ya sheria hayamhusu"

Sheria ya Ajira kweli inawaacha nje watu wanaomtegemea mwenye biashara, pale ambapo hao tegemezi ndio wafanyakazi pekee wa biashara ya familia. Mkeo au mumeo na mwanao anayekutegemea wanaweza kuingia hapo. Mpwa mwenye miaka ishirini na tano, anayejitegemea na aliyetoka Faza au Kizingitini kuja kukusaidia dukani, haingii. Anakuita ami, unamwita mwanangu, na bado ni mfanyakazi.

Pia chakula na mahali pa kulala si mshahara. Mwajiri anatakiwa ampe makazi ya kufaa au posho ya nyumba, na mshahara wenyewe ulipwe kwa fedha. Kima cha chini, kilichopandishwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, hakina nyumba ndani yake. Posho ni asilimia 15 juu. Kima hicho hutofautiana kwa mahali na kwa aina ya kazi. Malindi iliyokuwa manispaa iko daraja la juu kuliko Lamu, kwa hiyo kiasi ulichoambiwa na rafiki wa Malindi usikichukue kwa upofu. Ulizia ofisi ya kazi kiwango cha kazi yako hasa.

"Akiumia, SHA italipa"

SHA ni bima ya matibabu. Ajali ya kazini ina sheria yake, ya Fidia za Majeraha Kazini, pia ya 2007, na inamtaka mwajiri awe na bima mahususi. Mafuta ya moto yakimwagika, msumeno ukikata kidole, kijana akianguka kwenye gati la Mokowe akibeba mzigo wako: mishahara anayoikosa akiwa amelala na fidia ya ulemavu unaobaki ni juu yako. Ada ya bima hutegemea mishahara na hatari ya kazi, kwa hiyo karakana ya mbao italipa zaidi ya duka la vitambaa. Pata bei kabla hujaajiri. Miongoni mwa gharama zote nilizozitaja, hii ndiyo nisingekubali mteja wangu aiahirishe.

"Masika yakiingia namwambia apumzike, tutaitana"

Lamu inaishi kwa msimu. Aprili hadi Juni wageni hupungua, bahari inachafuka, na mkahawa uliokuwa ukijaa unabaki na wateja wawili. Ni shida ya kweli, na mwajiri si mbaya kwa kushindwa kulipa. Lakini kumwambia mtu wa mkataba usio na mwisho "kaa nyumbani" ni kumwachisha. Kumpunguza kwa sababu ya biashara kuna utaratibu: notisi isiyopungua mwezi mmoja kwake na kwa afisa wa kazi, likizo zake zilipwe, na siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliotimia.

Njia safi ni mkataba wa muda maalumu ulioandikwa tangu mwanzo, tuseme wa Novemba hadi Machi, wenye tarehe ya mwisho. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe hata hivyo. Na miezi ambayo huna mfanyakazi, ukiwa bado umesajiliwa kuwa mwajiri, ritani ya sifuri inaendelea kutakiwa kila tarehe 9. Wengi husahau hapa, masika yanapita, wanaamka Julai na faini tatu.

Mengine, kwa ufupi

Sahani ikivunjika kwa bahati mbaya haikatwi kwenye mshahara. Sheria inaruhusu kukata kiasi cha haki pale tu mfanyakazi alipoharibu kwa makusudi.

Kufungua tangu alfajiri hadi baada ya isha kwa mtu mmoja hakuwezekani. Wiki ya kawaida haizidi saa 52 kwa siku sita, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mkahawa wa saa kumi na tano kwa siku unahitaji watu wawili, na bora ulijue hilo kwenye hesabu ya mwanzo.

Wanaoshika chakula wanahitaji cheti cha afya kinachofanywa upya kila miezi sita. Kubalianeni mapema nani atalipia.

"Usiajiri msichana, ataomba uzazi." Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na ni mzigo mkubwa kwa mwenye mfanyakazi mmoja. Lakini kumkataa mtu kwa sababu ya jinsia au mimba ni kosa kisheria, na baba naye ana wiki mbili. Weka akiba ileile ya likizo, iwe kubwa kidogo, kwa yeyote utakayemwajiri.

Na akiondoka, kwa heri au kwa ugomvi, mwandikie cheti cha utumishi chenye kazi aliyofanya na tarehe alizoanza na kumaliza. Ni haki yake, na bila hicho kijana wa Lamu anayekwenda kutafuta kazi hotelini Malindi au Mombasa hana cha kuonyesha.