Kanisa la Mkunazini: paa lililojengwa bila boriti

Ukiingia Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, waongozaji wengi hukupeleka moja kwa moja madhabahuni. Hawakosei. Sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa wekundu, na panasimuliwa kuwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko kabla ya kuuzwa. Hapa palikuwa na soko la watumwa, nalo lilifungwa mwezi Juni 1873, Sultani Barghash bin Said alipotia saini mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) wakaweka jiwe la msingi mahali hapo.

Lakini sisi tunaoshughulika na majengo ya kale huwaomba wageni wainue macho kwanza, waangalie paa.

Nyumba za mawe za mwambao huezekwa juu ya boriti za mikoko. Boriti ya kawaida haizidi sana mita 3, na ndiyo maana vyumba vya kale, iwe Unguja au Lamu, ni virefu na vyembamba: fundi alipima chumba kwa mti aliokuwa nao. Edward Steere, askofu wa misheni hiyo aliyesimamia ujenzi, alitaka kitu ambacho boriti isingekiweza. Alitaka ukumbi mmoja mpana, usio na nguzo katikati, ili waumini wote waione madhabahu.

Steere alisomea sheria, hakuwa mhandisi. Watu wengi humkumbuka kwa kazi yake ya lugha, maana kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870 na baadaye alitafsiri Agano Jipya. Jibu lake kwa tatizo la paa lilikuwa la kijasiri. Aliamua liwe tao refu lenye umbo la nusu pipa, likimwagwa kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji. Matumbawe mafundi waliyajua tangu mababu, maana ndiyo mawe ya kuta na ndiyo yanayochomwa kupata chokaa. Kigeni kilikuwa saruji, ambayo ililetwa kwa meli. Tao la mawe yaliyopangwa husukuma kuta kwa nje siku zote, lakini zege likishakauka likawa kipande kimoja msukumo huo hupungua, na kuta nene za matumbawe huubeba uliobaki. Walikuwepo waliosema litaporomoka. Hadi leo liko juu.

Sala ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla ya jengo kukamilika. Steere alifariki mwaka 1882 na akazikwa nyuma ya madhabahu.

Usitoke kabla hujaziona nguzo ndogo za upande wa magharibi, karibu na kisima cha ubatizo. Ziangalie vizuri: taji la nguzo, ambalo kwa kawaida hukaa juu, hapa liko chini, na kitako kiko juu. Simulizi ni kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini, na aliporudi akaamua ziachwe vilevile. Mimi nazipenda kuliko vioo vya rangi, kwa sababu ni alama ya mikono ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Msalaba wa mbao nao una historia: unasemekana umechongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873.

Kuhusu vyumba vya chini vya jengo la jirani, vile vinavyoonyeshwa kuwa mahabusu ya watumwa, hapo ni lazima tuseme wazi. Jengo hilo lilijengwa na wamisionari kama hospitali, soko likiwa limeshafungwa miaka mingi. Hesabu ya miaka haikubaliani na maelezo hayo. Mateso ya Mkunazini yalikuwa ya kweli na yana ushahidi wa kutosha. Hayahitaji kuongezewa chumvi. Anayetaka kuyatafakari na asimame uani, kwenye sanamu zilizotengenezwa na msanii Clara Sörnäs, ambapo watu watano wamesimama shimoni wakiwa na minyororo shingoni.

Adui wa jengo hili ni maji. Matumbawe yana vitundu, hunyonya unyevu na chumvi ya bahari, kisha huutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukuta wa namna hii ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa pa kutokea, hurudi ndani, na baada ya misimu michache lipu hubanduka na kipande cha jiwe. Saruji ya Steere ilifaa kwa sababu ilikuwa ndani ya zege la paa, ukutani haifai. Kwa hiyo kuta za namna hii hukarabatiwa kwa chokaa iliyolowekwa muda mrefu, ingawa ni kazi ya polepole na lazima irudiwe kila baada ya miaka kadhaa. Hapo ndipo wenye nyumba wengi wa Mji Mkongwe hushindwa na kukimbilia mfuko wa saruji.